Mama katoka wodini baada ya sepsisi, hadeki

Pole sana dada. Umesema mama ana wiki ya tatu nyumbani baada ya sepsisi (mwili kujidhuru wenyewe ukipambana na maambukizi) iliyoanzia kwenye njia ya mkojo. Analala mchana kutwa, usiku anaota ndoto za kutisha, nywele zinakatika, na kaka zako wanasema anadeka.

Hadeki. Baba yangu alikuwa hivyohivyo tulipomrudisha Tandika: kutoka kitandani hadi chooni anapumzika njiani. Misuli huisha haraka, kumbukumbu nayo huyumba. Kupona huchukua miezi, wengine zaidi ya mwaka.

Tulianza na kukaa kitini wakati wa kula, kisha hatua chache hadi mlangoni, asubuhi kabla joto halijapanda. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi: uji, mayai, samaki. Kama figo ziliguswa, ulizeni daktari kwanza, na msimnunulie diklofenaki (dawa ya maumivu) dukani kienyeji. Zile ndoto, tulimsimulia baba taratibu yaliyotokea siku alizokuwa hajitambui, akatulia kiasi. Zikizidi, mwambieni daktari. Wageni wenye mafua waje siku nyingine, hata akiwa shangazi (kwetu alinuna).

Linalonitisha mimi ni maambukizi kurudi. Homa, au mwili wa baridi isivyo kawaida, kutetemeka, kupumua haraka, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua: msisubiri tarehe ya kliniki. Chukueni bajaji usiku huohuo, bebeni karatasi ya ruhusa, na mapokezi semeni mapema kwamba aliwahi kupata sepsisi.