Ile namba ya desibeli kwenye spika ndogo ilivyonipoteza

Mkuu, umeuliza uchukue spika ndogo zilizoandikwa desibeli 84 au zile za 89, nawe una amplifaya ya wati 20. Namba hiyo hueleza spika inatoa sauti kubwa kiasi gani, ikipimwa mita 1 mbele yake, kwa umeme wa kama wati 1. Ukipiga hesabu kwa kalamu, jibu ni jepesi: desibeli 5 ni kama kuzidisha nguvu mara 3 na kidogo, kwa hiyo wati zako 20 kwenye zile za 89 zitafanya kazi ambayo za 84 zitahitaji wati zaidi ya 60 kuifanya. Na mimi nilinunua kwa hesabu hiyohiyo.

Nilikuwa na jozi ya zamani iliyoandikwa 86, nikaleta mpya za 89. Nikazifunga kwa zamu kwenye amplifaya ileile, voliumu sikuigusa. Mpya kweli zilipiga juu kidogo, ila baada ya nusu saa amplifaya ilichemka kuliko nilivyozoea. Nikageuza spika kusoma mgongoni: omu 4, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme; namba ikiwa ndogo, umeme mwingi zaidi hupita. Za zamani ni omu 8.

Mchezo wote uko hapo. Watengenezaji wengi hupima kwa volti 2.83, kipaza sauti kikiwa mita 1 mbele ya spika. Kwenye omu 8 volti hizo ni wati 1, lakini kwenye omu 4 ni wati 2, na nguvu ikiongezeka mara mbili unapata desibeli 3 za bure. Toa hizo 3 kwenye 89, unarudi 86. Kumbe spika zangu mpya hazikuwa na ufanisi wowote wa ziada. Zilikuwa zinanywa umeme zaidi tu. Siwezi hata kusema nilidanganywa, maana iliandikwa, mimi ndiye sikusoma.

Halafu kuna suala la chumba. Wako wanaopima kwenye chumba maalumu kisichorudisha mwangwi, na wako wanaopima kwenye chumba cha kawaida ambako kuta zinasaidia. Namba ya pili hutoka kubwa, na kwenye boksi namba zote mbili zinaonekana za aina moja.

Usizidharau za 84 lakini. Kuna kanuni ya Anton Hofmann, yule wa herufi H katika jina la kampuni ya spika ya KLH: besi inayoshuka chini, kisanduku kidogo, na ufanisi mkubwa, huvipati vyote vitatu pamoja. Spika ndogo yenye besi nzuri lazima iwe nzito kusukuma. Yenye desibeli 85 kwa wati 1 hugeuza kama asilimia 0.2 tu ya umeme kuwa sauti, unaobaki wote ni joto la koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika. Kwa hiyo nikiona kisanduku cha kushika kwa mkono mmoja kimeandikwa 91 na besi nzito juu yake, naguna.

Ukiweza kuzijaribu kabla ya kulipa, fanya hivi. Cheza pinki noizi, ule mvumo kama wa mvua, kwenye spika moja tu. Simu yenye programu ya kupima sauti iwe mita 1 mbele, soma, kisha weka spika ya pili palepale bila kugusa voliumu. Simu inaweza kukosea namba yenyewe, wewe unatafuta tofauti. Kama moja ni omu 4 na nyingine 8, ipunguzie ya omu 4 desibeli 3 ndipo ulinganishe. Ukitilia shaka maandishi, pima nyaya kwa multimita spika ikiwa haijafungwa popote: ya omu 8 husoma kama 6 hivi, ya omu 4 husoma 3 na ushee. Sikio peke yake usiliamini hapa, kwani spika inayopiga kelele sauti za kati huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kwa hali yako: wati 20 ni desibeli 13 juu ya wati 1, hivyo hata za 84 zitafika 97 kwa mita 1. Ukikaa mita 2 unapoteza 6 hivi, halafu spika ya pili na kuta zinakurudishia kiasi. Kama huandai sherehe, hiyo ni sauti ya kutosha, na ningechagua za 84 iwapo ni omu 8 na besi yake imekupendeza. Zangu za omu 4 bado ninazo, nimezihamishia mezani kwenye kompyuta, ambako nakaa nusu mita tu na amplifaya haipati hata joto.