Mama anafika 65 na hajafanya kazi Marekani: atapata Medicare?

Dada, anapata Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee na baadhi ya wenye ulemavu. Umesema ana kadi ya ukaazi wa kudumu na ameishi Marekani miaka 6 mfululizo. Sharti ni miaka 5. Asichopata ni Sehemu A (kulazwa hospitali) bila ada, maana hiyo hudai kama miaka 10 ya kazi yenye makato ya kodi ya Medicare, yake au ya mumewe. Kuinunua ni ghali: mwaka 2025 ilifika dola 518 kwa mwezi. Sehemu B, ya madaktari na vipimo, ilikuwa dola 185.

Linaloumiza wazee wengi ni tarehe. Dirisha la kujiandikisha ni miezi 7, mwezi wa kutimiza 65 ukiwa katikati. Kazaliwa Septemba, basi ni Juni hadi Desemba. Tafadhali msingoje Desemba. Akipitwa, kila miezi 12 kamili ya kuchelewa huongeza 10% kwenye ada ya B, na kwa kawaida ataibeba maisha yake yote. Maombi hupelekwa ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii). Ombeni mkalimani wa Kiswahili, ni bure.

B hulipa 80% ya gharama nyingi. Ile 20% inayobaki haina kikomo, kwa hiyo kama kipato chake ni kidogo, nendeni ofisi ya Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) ya jimbo mkaulize mpango wa msaada uitwao Medicare Savings Program. Inaweza kumlipia ada ya B.

Na mdogo wako mwenye ulemavu: Medicare huanza baada ya miezi 24 ya kustahili malipo ya SSDI (malipo ya ulemavu yanayotokana na makato ya kazi). Miezi ya SSI (msaada kwa wenye kipato kidogo) haihesabiwi.