Je, Kuomba Ufadhili Kunapunguza Nafasi ya Kudahiliwa Marekani?

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Nimehitimu kidato cha sita na ninataka kuomba nafasi ya shahada ya kwanza nchini Marekani. Baba ana duka dogo la vifaa vya ujenzi, mama ni mkulima, na sehemu kubwa ya karo yangu ya sekondari ililipwa na mjomba. Fomu ya maombi inauliza iwapo nitahitaji msaada wa kifedha. Rafiki yangu aliyeko huko ananishauri nijibu “hapana” ili nisikataliwe, kisha niombe msaada nikishafika. Nifuate ushauri huo? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Marahaba. Katika hofu yake rafiki yako hajakosea, ila dawa anayokupa itakuponza.

Hapa kwetu chuo hukudahili kwanza, na suala la mkopo huamuliwa kando na Bodi ya Mikopo. Marekani mambo hayo mawili mara nyingi hukaa meza moja, hasa mwombaji anapokuwa mgeni. Vipo vyuo vichache visivyotazama kabisa mfuko wa mwombaji wa kigeni: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vina utaratibu huo kwa miaka mingi, Dartmouth na Bowdoin viliufuata mwaka 2022, na Brown imeuanza kwa wanafunzi walioingia mwaka 2025. Huko jibu la “ndiyo” halikupunguzii chochote, isipokuwa vyuo hivyo ni miongoni mwa vilivyo vigumu zaidi kuingia.

Vingine vingi, Stanford ikiwemo, huuangalia uhitaji wa mgeni. Chuo hutenga fungu la fedha kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, na fungu hilo lina kikomo. Matokeo, insha na barua za walimu husomwa kwanza. Uhitaji huanza kuuma pale majina yaliyopendekezwa yanapozidi fedha zilizopo. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo binafsi vya daraja hilo nyingi zimevuka dola 80,000, kwa hiyo kati ya waombaji wawili wanaokaribiana, anayehitaji zote anaweza kuachwa na anayehitaji robo yake akachukuliwa. Mwombaji anayeng’ara mno hatikisiki sana; anayeumia ni yule aliye ukingoni. Binafsi sioni haki katika hilo, ingawa napendelea chuo kinachosema wazi kuliko kile kinachokukubali kisha kikakuachia pengo usiloweza kuliziba. Wala si wageni peke yao: Wesleyan iliachana mwaka 2012 na ahadi ya kutotazama uwezo wa waombaji wote walio raia wa Marekani, kwa sababu fedha hazikutosha.

Sasa fikiria umejibu “hapana” na umekubaliwa. Vyuo vingi vya kundi hili la pili havimruhusu mgeni aliyejibu hivyo kuomba msaada baadaye, na baadhi humfungia mlango kwa miaka yote minne. Isitoshe, kabla ya kukupa fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huwezi kuomba viza ya masomo, chuo kitadai taarifa ya benki inayoonyesha fedha za mwaka wa kwanza. Duka la baba litazitoa wapi?

Jibu “ndiyo”, kisha weka nguvu zako katika fomu ya mapato ya familia, ambayo kwa vyuo vingi ni CSS Profile. Wengi wenye biashara huandika mauzo ya duka kana kwamba ndiyo mapato, wakaonekana matajiri. Unachotakiwa kuonyesha kama faida ni kile kinachobaki baada ya kutoa bei ya bidhaa, pango na kodi. Kuhusu mjomba, taja kiasi alichokuwa akitoa, na ikiwa hataendelea, lieleze hilo katika sehemu ya maelezo ya ziada pamoja na sababu yake, kwa kuwa afisa asiyeambiwa anaweza kudhani kwamba ataendelea kulipa. Ukiulizwa familia itachangia kiasi gani kwa mwaka, andika kile mtakachokimudu kwa miaka minne mfululizo, si kile mtakachokusanya kwa harambee ya mwaka mmoja.

Katika orodha yako changanya vyuo vya makundi yote mawili, na usitegemee sana vyuo vikuu vya umma, kwa kuwa vingi huwapa wageni msaada mdogo au visiwape kabisa. Ada ya maombi ikikushinda, kiandikie chuo barua pepe uombe kusamehewa, vingi hukubali. Ofisi ya EducationUSA iliyopo ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, hutoa ushauri wa mambo haya bila malipo.