Tokeni Inayoisha Muda

SWALI: Mhariri, programu yangu ya Python, inayosoma malipo ya duka letu hapa Kondele, Kisumu, kutoka huduma ya mtandaoni, hufanya kazi vizuri asubuhi, kisha baada ya saa moja seva hurudisha msimbo wa kosa 401. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, 401 maana yake seva haijakutambua; ingekutambua na kukunyima ruhusa, ingerudisha 403. Yaelekea programu yako huomba tokeni, yaani msimbo wa muda unaoitambulisha kwa seva, mara moja tu inapoanza, ilhali tokeni za OAuth 2.0, utaratibu wa kuzipa programu ruhusa, huisha muda, nyingi baada ya sekunde 3600, yaani saa moja. Soma idadi ya sekunde inayotajwa tokeni inapotolewa, uombe nyingine kabla hazijatimia.