Kichaka usikivute na gari, hiyo ada nimeshalipa mimi

Juzi mdada mmoja kaniandikia, "Kaka, nina kichaka cha miaka mingi kimebanana kabisa na njia ya peving, shemeji yako anataka afunge kamba kwenye gari akivute, unatushauri nini?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huyo shemeji ni mimi kabisa, mimi wa miaka mitatu iliyopita.

Yangu ilikua bogenvilia, imenenepa, ina miba kama ina ugomvi na mtu. Nikafunga kamba chini ya shina, nikatia gia ya kwanza, mke wangu kasimama mlangoni kakunja mikono (hakusema kitu, na wale mliooa mnajua maana yake). Kamba ikakaza, gari likaunguruma, shina likainama nikajisemea hiyoo inakuja. Na kweli ikaja, ila haikuja peke yake. Kuna mzizi mnene ulikua umepita chini ya peving, uliponyanyuka ukanyanyua na matofali yote yaliyokua juu yake, tap tap tap, kama uzi unavyofumuka kwenye sweta. Ukingo wa saruji ukapasuka vipande viwili. Shem wangu alikuepo, akauliza, "Shem, tulikua tunang'oa mti au barabara?" Basi hiyo stori kila familia ikikutana lazima isimuliwe, na mimi nipo hapohapo na sahani yangu mkononi.

Habari za kurudishia peving naziruka, bado naumia.

Sasa wiki iliyopita nimeng'oa pacha wake, wa upande wa pili wa njia, na hakuna tofali hata moja lililotikisika, ndo maana leo naongea kwa kifua mbele. Tofauti ni moja tu: safari hii nilikata mizizi ya upande wa peving KABLA sijaanza kuking'oa kichaka chenyewe. Mizizi mingi ya vichaka haiko chini sana, mara nyingi iko kwenye sentimita 30 mpaka 60 za juu, ila inatambaa mbali kuliko matawi, kwahiyo ukiona majani yameishia kwenye ukingo jua mizizi ilishavuka zamani.

Nilimwagilia maji siku moja kabla udongo ulainike. Nikapunguza matawi nikaacha shina kama mita moja hivi, usilikate mpaka chini jamani, hilo shina ndo mpini wako wa kutikisia. Juu ya peving nikatandika magunia na ubao, maana sururu ikiteleza haiombi radhi. Halafu nikaanza kuchimba upande wa bustani, upande ulio wazi, sio kwenye ukingo, kwasababu ukichimba chini ya ukingo unaondoa udongo unaoushikilia huo ukingo, mchanga wa chini ya matofali unaanza kumwagika kwenye shimo na wiki mbili baadae njia inabonyea wewe unamlaumu fundi. Upande wa ukingo nilifukua kwa mkono na kijiko cha bustani, taratibu, ikanichukua asubuhi nzima, na hapo pia unaweza kukuta bomba la maji au waya, kwahiyo haraka ya nini.

Kila mzizi unaoelekea kwenye peving niliukata na msumeno, msumeno mzee, mpya usiuthubutu maana udongo unaumaliza makali. Na kile kipande kilichobaki chini ya matofali kiache! Watu mnapenda kumaliza kila kitu, mnataka mzizi wote utoke, wa nini? Kimeshatengana na shina, kitaoza chenyewe polepole. Kama ni mnene sana unaogopa utaacha uwazi chini, basi inua matofali machache kwa mpango, yapige namba kwa chaki, toa mzizi, rudishia mchanga, shindilia, panga. Ila kuvuta hapana. Kata kwanza, nasema tena, kata kwanza.

Mwisho nikaingiza mtaimbo chini ya kisiki, na hapa ndo wengi wanaharibu, wanaegemeza mtaimbo kwenye ukingo kwasababu upo karibu na ni mgumu. Mimi niliweka kipande cha mbao nene kwenye udongo upande wa bustani, nikaegemeza hapo, nikabonyeza, tukatikisana kidogo, kikatoka na mzigo wake wa udongo. Shimo nikajaza kidogokidogo huku nashindilia kila tabaka, kama sentimita 15 hivi, sio unamwaga udongo wote kwa mara moja unaenda kuoga.

Kwahiyo mdada, mwambie shemeji gari libaki limepaki. Najua atabisha, hata mimi nilibisha, wanaume tuna shida na kamba na magari.

Jumapili shem wangu alipita. Akaizunguka ile njia, akakanyaga matofali ya pembeni kwa kisigino moja baada ya jingine, mpaka mwisho, akarudi akayakanyaga tena. Halafu akaomba maji ya kunywa.