Jibu: Kwa nini visa vya watu wenye ualbino visiwani Ukerewe havionekani kwenye takwimu?

Mkuu umeuliza kwa nini Ukerewe, ile wilaya ya visiwa ndani ya Ziwa Victoria, watu wenye ualbino ni wengi lakini ripoti za kutishwa na kushambuliwa ni kiduchu. Tatizo halianzii polisi aisee, linaanzia mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga. Mtu akiitwa "dili" mbele za watu, yaani viungo vyake ni pesa, au akifuatwafuatwa usiku, nani anaenda kuripoti? Kama yuko visiwa vya pembeni kama Irugwa au Ukara inabidi asubiri boti, alipe nauli, siku nzima ya kazi imeenda, na huko kituoni anaulizwa "kwani amekukata?" Basi anarudi zake home.

Na hata kesi ikifika, inaandikwa kujeruhi au mauaji, ile sababu kwamba kalengwa kwa ajili ya ualbino wake inabaki kwenye maelezo, sasa ukija kuhesabu mwisho wa mwaka utaipata wapi? Sensa ya 2012 iliwahesabu wenye ualbino, kwa hiyo idadi ya watu tunayo, tunachokosa ni hesabu ya matukio.

Mimi ningeanza na daftari moja kwa mtendaji wa kijiji, vitisho viingie humo, siyo damu tu. BMU, zile kamati za usimamizi wa mialo, nao wahusishwe maana wavuvi wa dago (kambi za muda za uvuvi) wanahama kila msimu, na BMU ndo wanajua sura ngeni. Ila majina yasiandikwe kwenye ripoti inayopanda wilayani, kisiwa kidogo hicho, ukisema "binti wa miaka 12 kitongoji fulani" kila mtu keshamjua. Namba ya RB, ile unayopewa polisi ukiripoti, inatosha.