Maswali ya Wasafiri: Mbege, Konyagi na Uji wa Mtoto Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA)

SWALI: Binti yangu anaishi Amsterdam, yuko nyumbani likizo. Akirudi nataka abebe dumu la lita 5 la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Watamkubalia? *Mama wa Kiboriloni, Moshi*

JIBU: Shikamoo mama. Mkononi haipiti. Kwa safari za nje, kila chombo cha kimiminika kisizidi mililita 100, na vyote vienee kwenye mfuko mmoja angavu wa lita 1 unaofungika. Hata dumu likiwa na mbege kidogo tu chini, litabaki kwa wakaguzi, maana kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo. (Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, lakini kamfuko ka zipu ka vimiminika vya msafiri kanaruhusiwa.)

Kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, kanuni za usalama haziweki kikomo kwa kileo kisichozidi asilimia 24, na mbege haikaribii hapo. Kinachoiponza mbege ni kwamba bado inachacha. Ukishachanganya togwa ya ulezi na maji ya ndizi, chachu inaendelea kula sukari na kutoa gesi, iwe Kiboriloni au angani. Kaza kizibo asubuhi, jioni dumu limevimba. Tena ndege ikiwa juu, mgandamizo wa hewa ndani yake, sehemu ya mizigo ikiwemo, hushuka hadi kama robo tatu ya ule wa pwani, kwa hiyo gesi inatanuka zaidi. Ukilegeza kizibo, nguo zote zinanuka pombe. Kuichemsha kunaua chachu, ila mnywaji wa mbege hataitambua.

Tungekuwa sisi, tungemfungia unga wa kimea cha ulezi sandukuni, ndizi mbivu akanunue hukohuko. Unga si kimiminika. Maziwa mgando yaacheni kabisa: Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingia na maziwa wala nyama kutoka huku kwetu.

SWALI: Konyagi ngapi naweza kupeleka Ulaya? Na nikinunua dukani baada ya ukaguzi? *Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Hapo kuna sheria mbili, na wengi hukamatwa na ya pili. Ya usalama wa ndege: kileo cha asilimia 24 hadi 70 kisizidi lita 5 kwa abiria, kikiwa kwenye chupa zake za dukani ambazo hazijafunguliwa. Konyagi ina asilimia 35, kwa hiyo chupa 6 za mililita 750 zinapita. Ya forodha: Umoja wa Ulaya unasamehe ushuru wa lita 1 tu ya kileo kinachozidi asilimia 22, kwa mwenye miaka 17 na kuendelea. Chupa moja ipite bure, zilizobaki uzitaje mwenyewe na kulipia. Gongo usiithubutu, ni haramu hata kabla hujafika uwanjani.

Ukinunua ndani, muuzaji aifunge kwenye mfuko maalumu wenye lakiri, risiti ikionekana. Usiufungue hadi mwisho wa safari, kwani ukibadilisha ndege Doha au Amsterdam unakaguliwa upya, na mfuko uliochanwa unaigeuza Konyagi kuwa kimiminika cha kawaida kinachozidi mililita 100. Anayekwenda Marekani na kuunganisha ndege nyingine humohumo nchini, akishachukua sanduku kwenye uwanja wa kwanza aitie chupa humo kabla ya kulikabidhi tena. Na usijimiminie kitini: katika ndege za Marekani sheria inataka kileo unachokunywa uhudumiwe na wahudumu wa ndege, hata kama chupa ni yako.

SWALI: Chupa ya maji na chupa ya chai?

JIBU: Zipite tupu, ujaze au ununue ukishavuka mashine. Hakikisha hakuna chai iliyobaki chini.

SWALI: Mtoto wangu ana miezi 9, anakunywa uji na maziwa. Mililita 100 zitamtosha nini? *Mama Junior, Usa River*

JIBU: Chakula cha mtoto mnayesafiri naye hakibanwi na kikomo hicho, mradi kiwe kiasi cha safari, pamoja na muda wa kusubiri ndege ya pili. Kiweke kwenye mfuko wa peke yake na umwambie mkaguzi kabla begi halijaingia kwenye mashine. Anaweza kukipima au kukwambia ukionje, kwa hiyo usiupeleke uji wa moto sana.